Tembo Thelathini na Wawili Wasio na Namba

Sikilizeni, ninyi mnaobaki na brashi na ndoo. Zawadi wa zamu ya asubuhi aliniomba niandike ninayoyajua kuhusu kuosha nakshi za hekalu kabla sijayasahau. Bado sijasahau kitu. Kinachonisumbua ni magoti, na ndiyo maana nimestaafu. Lakini mtu akikuomba jambo kwa adabu vile, unaketi unaandika. Nimeketi hapa Lewisville, kwa binti yangu Neema, kwenye meza ya kulia chakula, na nitaanza mwanzo. Vyeo sitavieleza, kwa kuwa nilikuwa na kimoja tu. Mshahara mnaujua, maana hata ninyi mnalipwa huo huo.

Nilifika Houston, Teksasi, nikitokea kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na kabla ya kambi nilikuwa Uvira. Tulipewa chumba mtaa wa Gulfton. Juu yetu aliishi Salim, mtu wa Mombasa, dereva wa folklifti. Alinikuta siku moja kwenye ngazi nikizisugua. Hakuna aliyenituma. Zilikuwa chafu, nami sikuwa na kazi.

"Mama, unapenda kuosha?" akaniuliza.

"Sipendi uchafu," nikamwambia.

"Basi twende kazini kwetu. Wahindi wanajenga hekalu nje ya mji. Kuna mawe yanataka kuoshwa."

"Mawe ya kuoshwa? Mnayapika?"

"Yamechongwa ndovu, mama. Utaona."

Nilidhani ananitania. Kesho yake nikajikuta kwenye uwanja mkubwa wenye makontena, nyasi kavu za kufungia mizigo, na mawe ya rangi ya waridi yaliyopangwa juu ya mbao. Yalichongwa India na kusafirishwa kwa meli. Huku kazi ilikuwa kuyaosha, kuyapanga na kuyajenga, jiwe kwa jiwe. Hekalu lilifuata mfano wa hekalu la kale sana kule Gujarati, ambalo watu wamelizunguka kwa miguu mitupu vizazi na vizazi.

Aliyenipokea alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe na kalamu tatu mfukoni. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea ya Kigoma, bila kutegemea jibu.

"Marahaba, mama. Umetoka Kongo, siyo? Nasikia kwenye ulimi."

Niligeuka nyuma kumtafuta aliyesema. Mzee akacheka. "Ni mimi. Nimezaliwa Tanga, barabara ya saba. Tulikuwa na duka la vipuri vya baiskeli. Niite Kantibhai, kama wote wanavyoniita. Kwetu bhai ni ndugu."

Kantibhai ndiye aliyetunza daftari la mawe. Alikuwa wa kujitolea, hakulipwa, na nadhani hakuna mlipwaji aliyeipenda kazi yake kama yeye. Kila jiwe lililoshushwa aliliandika: limetoka kontena gani, linakwenda ukuta gani, ni la ngapi. Siku hiyo alinikabidhi brashi mbili za nailoni, vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha, bomba la maji na ndoo. Akanionyesha mawe thelathini na mawili, kila moja na tembo wake.

"Ondoa vumbi tu. Manane kwa siku yanatosha. Mimi nakwenda bandarini, nitarudi jioni."

Sasa, ndugu zangu, lazima niwaeleze jinsi nilivyolelewa. Nyumbani kwetu Uvira, sufuria iliyong'aa ndani tu haikuhesabiwa kuwa imeoshwa. Mama yangu aliigeuza, akatazama mgongo, na akiona weusi wa moshi hata wa ukucha, unarudi mtoni na mchanga na majivu. Kwa hiyo nilipoosha tembo wa kwanza, nilimgeuza. Mgongoni mwa jiwe nikaona uchafu mwekundu. Nikausugua. Ulitoka vizuri sana, kwa maji tu. Tembo wa pili naye alikuwa nao, na wa tatu. Nikasema moyoni, hawa wenzetu wanaosha mbele tu kama wavivu. Nitawaonyesha.

Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza yote thelathini na mawili, mbele na nyuma. Msimamizi, Mteksasi mrefu aliyeitwa Bosi Dale, alipita mara mbili akaninyanyulia kidole gumba. Ilikuwa sifa yangu ya kwanza Marekani na ilidumu kama saa mbili.

Kantibhai aliporudi alifungua daftari, akainama nyuma ya jiwe la kwanza, akasimama. Akainama nyuma ya la pili. Kisha akaweka kalamu mfukoni taratibu.

"Mama Neema," akasema, "namba ziko wapi?"

"Namba gani?"

"Zilizoandikwa huku nyuma. Kwa rangi nyekundu."

Nikatazama ndoo yangu. Maji yalikuwa mekundu.

Ilikuwa ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala huutumia kupigia mstari. Mizigo mingine yote ilikuja na rangi ya mafuta, ambayo huitoi hata ukitumia hasira. Mzigo huu peke yake uliandikwa kwa ngeu, na hakuna aliyejua kwa nini. Salim alizima folklifti akaja kutazama. Alizunguka mawe yote polepole, mikono nyuma, kama daktari wodini.

"Mama," akasema, "hawa ndovu umewaogesha mpaka wamesahau majina yao."

Bosi Dale alipoelezwa alitamka neno moja la Kiingereza ambalo Salim alikataa kunitafsiria. Daftari na michoro vilikuwapo, lakini vilionyesha namba tu, bila sura ya tembo. Wakapiga simu karakana ya India. Picha hawakuwa nazo, na fundi aliyeichonga safu ile, mtu aitwaye Mohan, alikuwa amekwenda kazi nyingine mbali, hapatikani. Mafundi wa kujenga walikuwa wamepangwa kuanza ukuta ule baada ya siku kumi.

Nilikwenda nyumbani nikijua kwamba kesho sina kazi. Kesho ikafika, nikaikuta kazi bado ipo. Salim ndiye aliyeninong'oneza sababu: Kantibhai alikuwa amemwambia Bosi Dale kwamba yeye ndiye aliyeniagiza nioshe pande zote.

Nikamfuata. "Kantibhai, umedanganya."

"Kidogo."

"Nitakwenda kusema kweli."

"Kwa Kiingereza gani?" akaniuliza, na alikuwa na haki. "Mama, wewe una siku moja hapa, na una mtoto. Mimi nimejitolea. Mtu asiyelipwa watamfukuza vipi? Acha maneno. Lete mbao tuwapange hawa."

Ndipo nilipojifunza kusoma nakshi, na ninyi nawaomba mjifunze hivi hivi, kwa sababu mtu anayejua anachokiosha hakiharibu. Kantibhai alinianzishia chini. Ukuta wa hekalu, akasema, una mistari kama shuka. Wa chini kabisa ni tembo. Juu yao farasi, juu ya farasi binadamu wakicheza ngoma na kuchota maji, na juu ya wote miungu. Tembo wamewekwa chini kwa sababu wanabeba. Mgeni huzunguka hekalu likiwa mkono wake wa kulia, na tembo wanatembea pamoja naye, upande ule ule. Alipokuwa mdogo bibi yake alimpeleka kutoka Tanga hadi lile hekalu la kale, akamzungusha huku akimwambia amsalimie kila tembo.

"Nilichoka kwenye wa hamsini," akasema. "Bibi akanipa peremende, nikaendelea. Ndiyo dini yangu yote hiyo."

"Sasa yupi anafuata yupi?"

"Mtazame. Usimtazame tembo. Tazama pembeni mwake."

Ukingoni mwa jiwe moja kulikuwa na nusu ya muwa, na kwenye jiwe jingine nusu nyingine, ikiingia mdomoni. Mkia wa huyu ulikatika kwenye ukingo, ncha yake ikashikwa na mkonga wa yule. Siku tatu tulipata jozi kumi na moja, tukakwama. Hapo nikakumbuka kwamba kambini nilikuwa nashona. Ukiunga vipande viwili vya kitenge, huangalii ukubwa wa kitambaa, unatafuta ua lililokatwa ulikutanishe. Nikalowesha mawe yote kwa maji. Jiwe la mchanga likilowa, mishipa ya rangi inajitokeza, na mishipa ile ilivuka kutoka jiwe hadi jiwe, kwa kuwa yalikatwa kutoka pande moja la mwamba.

Kantibhai alivua kofia. "Duka la Tanga tulihitaji mtu kama wewe," akasema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku ya tisa mawe thelathini na moja yalikuwa kwenye mstari. Likabaki moja. Tembo wake alitembea mbele kama wenzake lakini alikuwa amegeuza kichwa nyuma. Kingo zake zote mbili zilikuwa tupu: hakuna mkia, muwa wala mshipa. Kwenye safu yetu kulikuwa na sehemu mbili ambazo angeweza kuingia, pembeni kabisa mwa mlango, au katikati, mbele ya tembo jike aliyekuwa na mtoto wake nyuma akivutwavutwa.

"Pembeni," akasema Kantibhai.

"Katikati. Anamwangalia mtoto."

"Huyo ni dume, mama."

"Madume hawana watoto?"

Salim, aliyekuwa akila sambusa juu ya folklifti, akasema, "Mzee, mpe mama. Wewe ulishindwa hata na bibi yako kwa peremende."

Tukamweka katikati. Mafundi wakajenga, na ukuta ukashika.

Nilichokijua baadaye ni bei aliyolipa Kantibhai. Kumfukuza hawakuweza, kweli, lakini Bosi Dale alimnyang'anya daftari la mawe akampa kijana wa kompyuta. Kantibhai akapelekwa mlangoni kwenye rafu za viatu, kupokea viatu vya wageni na kuwapa kibao chenye namba. Alikaa pale miaka yote mliyomwona. Mlidhani ndiyo kazi aliyoichagua. Alipenda mawe, akapewa viatu, kwa ajili ya ndoo yangu. Nilipokwisha kujifunza Kiingereza cha kutosha, kila nilipotaka kusema kweli aliniwahi: "Mama Neema, usinivunjie heshima. Mwongo aliyekamatwa uzeeni anachekesha." Kwa hiyo nilibeba mambo mawili: uongo ule, na tembo aliyegeuza shingo, ambaye sikujua kama nimemweka kwake au kwa jirani.

Miaka ilikwenda. Kanisani Gulfton waliniuliza mara nyingi. Mama Bahati, mwimbaji mwenzangu, alinishika mkono baada ya ibada: "Dada, ni kweli unaosha sanamu za watu?"

"Naosha tembo," nikamwambia. "Tembo aliumbwa na nani?"

"Na Mungu."

"Basi namwondolea vumbi kiumbe wa Mungu."

Alifikiri wiki nzima, kisha akaja kutazama. Akazunguka hekalu lote, akamsifu kila farasi, akapiga picha mpaka simu ikazima.

Kazi ngumu zilikuja pia. Nyigu wa Teksasi hujenga nyumba za udongo ndani ya masikio ya tembo. Usizipasue zikiwa kavu, zitabanduka na ngozi ya jiwe. Lowesha, subiri, kisha zitoe kwa kijiti cha mianzi, na hakikisha kwanza mwenye nyumba ametoka. Chingamu mdomoni mwa farasi itoe kwa barafu, sio kwa kisu. Ukuta uloweshe kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye jiwe kavu. Brashi ya waya, usiilete hata kwa mzaha. Agosti fanyeni kazi asubuhi mapema, maana saa sita jiwe linaunguza, na wageni wasio na viatu watawafundisha mitindo mipya ya kucheza. Tulipoanza kuhudumia pia lile hekalu dogo la Irving, karibu na Dallas, nilihamia huku kaskazini, nikawa naja Houston kwa wiki zile za usafi mkubwa. Kila nilipofika nilianzia kwa tembo wangu wa shingo. Nilimwosha, nikamwuliza anaendeleaje. Zawadi, uliwahi kunikuta ukadhani naongea na simu. Sasa unajua.

Wiki yangu ya mwisho, nikiwa pale nafundisha wapya, Kantibhai alinitumia mtu. Nilimkuta kwenye kiti chake cha magurudumu, mbele ya rafu za viatu, ana miaka themanini na saba na kalamu zake tatu.

"Mohan amekuja," akasema.

"Mohan gani?"

"Aliyechonga. Mwanawe anaishi Houston sasa, amemleta. Anataka kuuona ukuta wa tembo. Amesema huo kwanza, kabla hata ya kuingia ndani."

Nikaweka brashi chini, nikashika mipini ya kiti chake.

Fundi Mohan alikuwa mzee mfupi mwenye viganja vipana kama sahani. Bosi Dale, naye sasa mwenye mvi, alikuja kwa heshima ya mgeni. Salim alikuja kwa sababu Salim hakosi. Mohan alianza mlangoni, kiganja karibu na jiwe bila kuligusa, akatembea. Nilimsukuma Kantibhai nyuma yake. Tembo wa kwanza, wa tano, wa kumi, hakusimama. Alipofika kwa yule wa shingo akasimama.

Akasema maneno kwa Kigujarati.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema huyu alimchonga awe wa kwanza, pale mlangoni. Ageuke aone kama wenzake wote wanafuata." Akanigeukia. "Pembeni, Mama Neema. Nilisema pembeni."

"Miaka kumi na saba umeingojea hiyo," akasema Salim.

"Na ingekuwa tamu hata baada ya thelathini."

Lakini Mohan alikuwa akiuliza jambo jingine, na safari hii Kantibhai hakutaka kutafsiri. Nikamshika bega. "Sema."

"Anauliza kama namba hatukuziona."

Hapo nikajua ni sasa, au niende na jambo hili Lewisville likae nami mezani. Nikamgeukia Bosi Dale kwanza. Kwa Kiingereza changu, ambacho kilikuwa kimetosha siku nyingi, nikamwambia: namba nilizifuta mimi. Kantibhai hakuniagiza. Aliniambia niondoe vumbi tu, akaenda bandarini. Alichukua kosa langu, ukamnyang'anya daftari. Kisha nikamwambia Kantibhai kwa Kiswahili amweleze Mohan hivyo hivyo, bila kupunguza.

Alieleza. Mohan alisikiliza huku akinitazama, kisha akafunika uso kwa viganja vile vipana. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwapo.

Alikuwa ameishiwa rangi ya mafuta siku ile, Kantibhai akatufasiria. Kontena lilikuwa linafungwa. Akachukua ngeu ya seremala jirani, akaandika, akajiambia itashika. Meli ilipoondoka akaanza kuwaza unyevu wa baharini. Ndiyo maana karakana ilipomtafuta hakupatikana. Alijificha. Miaka yote aliamini namba zilifutika njiani kwa uzembe wake, na kwamba kuna ukuta Marekani ambao tembo wake wamevurugika. Amekuja kuona ni wangapi.

"Mwambie mmoja," nikasema.

Mohan akamtazama tena tembo wa shingo, kisha yule mtoto nyuma yake. Akasema kitu kifupi.

"Anasema kule mlangoni angewaangalia thelathini na mmoja," Kantibhai akafasiri. "Hapa anamwangalia mmoja. Ni nafuu kwa shingo. Anasema mwacheni."

Bosi Dale alikuwa bado amesimama. Akaondoa kofia, akamwinamia Kantibhai kwenye kiti, akamwuliza kama anataka daftari lake.

"Sasa hivi?" Kantibhai akamwambia. "Macho yenyewe sina. Niachie viatu. Mawe hayajawahi kunisalimia, ila viatu vinaletwa na watu." Lakini nilimsukuma kumrudisha mlangoni, na njiani aliniomba nimpitishe uwanjani pale tulipowapanga tembo juu ya mbao. Alitazama sakafu tupu kwa muda.

"Ulisema kweli kwa Kiingereza kizuri," akasema.

"Nilikuwa na muda wa kukiandaa."

Kesho yake asubuhi Bosi Dale alileta daftari hata hivyo, lile la zamani la karatasi, akaliweka juu ya rafu ya viatu. Nimesikia Kantibhai anawasomea wageni wanaosubiri wenzao, awe ameombwa au hajaombwa.

Basi, Zawadi, na wenzako wote. Makontena ya ule mnara mpya wa hekalu yatafika, na mtapewa brashi na mawe yenye vumbi, na mtatamani kuonyesha bidii. Onyesheni. Lakini kabla hujafungua bomba, geuza jiwe utazame mgongo wake. Ukiona kitu kimeandikwa, hata kama kinafanana na uchafu, kipige picha, kisha kinakili kwenye karatasi kwa kalamu. Ukishamaliza, osha.